Yerusalemu ya Turner Ilichongwa London

Samuel Rogers alikuwa mtu wa benki wa London, tajiri, mwenye ulimi mkali na meza isiyokaukiwa na wageni mashuhuri. Alikuwa pia mshairi, na ushairi ndio aliotaka akumbukwe nao. Utenzi wake mrefu kuhusu Italia ulitoka kwa sehemu mbili, mwaka 1822 na 1828, wanunuzi wakaupita kama hawauoni. Mwingine angewalaumu wasomaji. Rogers alikusanya nakala zilizododa akazitia moto, kisha akafungua mkoba.

Toleo jipya la kitabu hicho, *Italy*, lilitoka mwaka 1830 na lilimgharimu zaidi ya pauni 7,000. Karatasi ilikuwa bora, herufi zilipangwa kwa nafasi, na karibu kila sura ilikuwa na picha ndogo juu au chini ya beti. Picha za watu nyingi alizichora Thomas Stothard, mzee aliyebobea katika sura na mavazi. Nyingine 25 alizichora Joseph Mallord William Turner, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka hamsini na ushei na ndiye aliyekuwa gumzo katika uchoraji wa Uingereza. Rogers hakununua michoro hiyo. Alilipa gini 5, yaani zaidi kidogo ya pauni 5, kwa kila mmoja kuuazima tu. Ukishamaliza kutumika, unarudi kwa mwenyewe.

Kitabu kikauzika. Maelfu ya watu ambao wasingenunua utenzi ule hata kwa kubembelezwa walikipeleka nyumbani kwa sababu ya picha. Lakini picha walizozitazama, kwa maana ya mistari iliyokuwa mbele ya macho yao, Turner hakuzichora hata moja. Mistari ile ilikatwa na watu wengine: Edward Goodall, Robert Wallis, John Pye na wenzao, mafundi walioinama mezani na lenzi jichoni, mbele yao bamba la chuma cha pua lisilozidi ukubwa wa kurasa mbili za daftari.

Turner anahesabiwa miongoni mwa vinara wa ule mkondo ambao wahakiki wetu wameuita ulimbwende: sanaa ya tufani, maporomoko, mwezi, magofu, na binadamu mdogo mbele ya maumbile makubwa. Wanaomjua leo wanamjua kwa picha za mafuta zilizojaa ukungu wa dhahabu. Waliomjua zama zake, nje ya kumbi chache za maonyesho London, walimjua kwa wino mweusi. Zaidi ya mabamba 800 yalichongwa kutokana na kazi zake, na sehemu kubwa ya yale madogo yalikuwa ya vitabu: ushairi wa Rogers, Byron, Walter Scott, Thomas Campbell na Milton, pamoja na Biblia. Ukitaka kujua namna jina la Turner lilivyoingia katika nyumba za watu wa kawaida, pa kuanzia ni karakana za wachonga mabamba.

Na yeye mwenyewe alitokea huko. Alizaliwa mwaka 1775 Covent Garden, mtoto wa kinyozi na mtengeneza nywele za bandia. Utotoni alipata senti zake kwa kupaka rangi picha zilizochapwa na watu wengine. Baadaye akafanya kazi hiyohiyo kwa John Raphael Smith, mchonga mabamba maarufu. Kabla ya kuingia shule ya sanaa ya Royal Academy akiwa na umri wa miaka 14, tayari alikuwa amezoea kuona jinsi mistari myeusi inavyoweza kubeba mwanga, na jinsi fundi mbaya anavyoweza kuuua.

Ndiyo maana alipofikia hadhi ya juu hakuwaachia mafundi kazi akaondoka. Mwaka 1807 alianza mfululizo aliouita *Liber Studiorum*, uliokusudiwa kufika picha 100 na ukakoma kwenye 71 mwaka 1819. Alichora kila moja kwa wino wa kahawia, kisha mara nyingi akachora mwenyewe muhtasari kwenye bamba la shaba kwa msaada wa asidi, ndipo akalikabidhi kwa fundi aweke vivuli. Picha aliziainisha kwa makundi: za milima, za bahari, za majengo, za mashambani, na za kihistoria, ambamo ziliingia hadithi za Wayunani na za Biblia.

Katika kundi hilo la mwisho imo moja ambayo, kwa maoni yangu, inazidi nyingi za mafuta alizochora kwa ajili ya kuta za Academy. Ni Rispa. Wasomaji wa kitabu cha pili cha Samweli wanamkumbuka: suria wa mfalme Sauli, ambaye wanawe wawili walitundikwa mlimani pamoja na wajukuu watano wa Sauli kulipia damu iliyomwagwa na mfalme huyo. Rispa akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Wachoraji wengi wangemfanya alie. Turner alichora usiku. Mama ameketi na kijinga cha moto mkononi, miili imelala ndani ya kivuli, na simba anasogea.

Bamba hilo lilichongwa na Robert Dunkarton na kutoka mwaka 1812, kwa mbinu iitwayo mezotinti. Fundi huanza kwa kulikwaruza bamba zima kwa chombo chenye meno mpaka uso wote uwe na vijinundu. Ukilichapa wakati huo, karatasi nzima itatoka nyeusi ti. Kisha anaanza kukwangua kidogo kidogo, kama mtu anayetoa ukoko kwenye sufuria, na kila alipolainisha wino hautashika, kwa hiyo patakuwa peupe. Fundi wa mezotinti hachori giza. Giza analikuta, na mwanga anautoa humo. Kwa hadithi ya mwanamke anayekesha na kijinga kimoja kuzuia usiku usile wanawe, sijui mbinu gani nyingine ingefaa zaidi, na sidhani kwamba Turner aliichagua kwa bahati.

Katika mfululizo huohuo kuna picha ya mapigo ya Misri yenye kichekesho chake. Turner alikuwa ameionyesha kwa rangi za mafuta mwaka 1800, akaiita Pigo la Tano, na William Beckford, mmoja wa matajiri wakubwa wa zama hizo, akainunua. Mwaka 1808 Charles Turner, ambaye hakuwa na udugu wowote na mchoraji, akaichonga kwa jina hilohilo. Piramidi zimesimama nyuma, anga imepasuka, farasi amekufa chini, Musa ameinua mikono. Lakini fungua Kutoka sura ya tisa. Pigo la tano ni tauni ya mifugo. Mvua ya mawe iliyochanganyika na moto ni la saba. Mchoraji aliikosea hesabu, fundi akaichonga kosa na yote, na hivyo ndivyo lilivyosambaa. Mtoto yeyote wa darasa la kipaimara angemsahihisha.

Huyo Charles Turner alichonga mabamba ya mwanzo ya mfululizo, kisha wakagombana. Alikuwa akilipwa gini 8 kwa bamba, akaomba 10. Mchoraji akapandwa na hasira, na wakakaa miaka mingi bila kusemezana. Turner alikuwa mkono wa birika, hilo halifichiki, na kwa mafundi alikuwa mgumu zaidi kuliko kwa wateja. Lakini ni haki kusema pia kwamba alichowadai alijidai mwenyewe. Mabamba mengine ya *Liber* aliyachonga kwa mkono wake, na shaba ilipochakaa alikaa kuyafufua.

Uchakavu huo ndio uliokuwa tatizo kubwa. Shaba ni laini. Bamba la mezotinti lilitoa karatasi chache nzuri, kisha vijinundu vikalala na usiku wa Rispa ukawa kijivu. Hata bamba lililokatwa kwa mistari halikuweza kwenda mbali. Hali ilibadilika miaka ya 1820. Mmarekani Jacob Perkins alikuwa amekuja Uingereza mwaka 1819 na mbinu za kuchapa noti za benki kwa mabamba ya chuma cha pua, yaliyo magumu kiasi cha kumkatisha tamaa mtu mwenye kutaka kughushi. Wachapishaji wa vitabu walitega sikio. Bamba linalostahimili maelfu kwa maelfu ya noti litastahimili pia maelfu ya kurasa za ushairi. Kwa hiyo kitabu chenye picha nzuri kikashuka kutoka rafu za mabwana hadi sebule ya mfanyabiashara wa kawaida.

Chuma kigumu kinataka mistari myembamba iliyobanana sana. Fundi hupaka bamba nta, huchora ndani ya nta kwa sindano, humimina asidi ile alipochora, hufunika sehemu zinazotakiwa kubaki hafifu, humimina tena, kisha humalizia kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali. Anga tulivu mara nyingi ilipigwa kwa mashine ya mistari. Bamba moja dogo liliweza kula miezi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutisha ukiifikiria. Mezani fundi ana mchoro wa rangi za maji: machweo ya zambarau, bahari ya kijani, wingu lenye wekundu pembeni. Yeye ana wino mweusi na karatasi nyeupe, basi. Wekundu ule utakuwa mzito kiasi gani? Bluu ya mlimani na kahawia ya mwambani, ambazo jicho linazitenganisha mara moja, zitatenganishwa na nini zikishakuwa kijivu zote? Kwenye rangi, jua la Turner ni njano iliyopakwa. Kwenye bamba, jua ni mahali ambapo fundi hakugusa. Mng'ao wote unatoka kwenye karatasi tupu, na ili karatasi hiyo iwake inabidi kila kitu kinachoizunguka kishushwe kwa kipimo. Kosea kipimo, na jua linakuwa tundu.

John Pye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulitatua fumbo hilo. Mwaka 1811 alichonga picha ya Turner ya nyumba ya mshairi Alexander Pope, kando ya mto Thames huko Twickenham, nyumba iliyokuwa ikibomolewa na mmiliki mpya. Turner alipoona karatasi ya majaribio alifurahi mno, na inasimuliwa alisema kwamba angejua mapema kuwa kuna mtu anayeweza kufanya vile, angemtafuta zamani. Tangu hapo akaanza kuwalea mafundi wake kama mwalimu. Kila bamba lilichapwa kwa hatua, na kila prufu, yaani karatasi ya majaribio, ilipelekwa kwake. Alizirudisha zimekwaruzwa kwa kisu pale alipotaka mwanga, zimepakwa chaki au penseli pale alipotaka kivuli, na pambizo zimejaa maelekezo. Baadhi ya prufu hizo zimehifadhiwa katika makumbusho, na kuzisoma ni kumsikiliza mtu asiyeweza kuacha jambo lipite. Inawezekana hakuna mchoraji mwingine wa Uingereza aliyewasumbua wachonga mabamba kiasi hicho, wala aliyewainua kiasi hicho.

Tukirudi kwa Rogers: Februari 8, 1832, mtoto mmoja wa London alitimiza miaka 13, na mshirika wa baba yake katika biashara ya mvinyo, Henry Telford, akampa zawadi ya *Italy*. Mtoto huyo alikuwa John Ruskin. Akazama katika zile picha ndogo, akazinakili kwa kalamu, na baadaye ukubwani akasema kwamba zawadi ile ndiyo iliyoelekeza maisha yake. Mwaka 1843 alitoa juzuu ya kwanza ya *Modern Painters*, kitabu kikubwa cha kumtetea Turner, na yeye mwenyewe akawa mhakiki wa sanaa mwenye sauti kuliko wote Uingereza. Sasa angalia mlolongo wenyewe. Mtetezi mkuu wa rangi za Turner alimpenda Turner kwanza kupitia kazi isiyo na rangi, iliyokatwa na Goodall na wenzake.

Wachapishaji walielewa upesi. Robert Cadell wa Edinburgh, alipokuwa akipanga toleo jipya la mashairi ya Walter Scott, alipiga hesabu yake bila haya: akiwa na Turner atauza nakala 8,000, asipokuwa naye hazifiki 3,000. Scott hakuwa shabiki. Aliwahi kulalamika kuhusu Turner na mapenzi yake ya fedha. Lakini alikuwa na madeni mazito, na 8,000 ni 8,000. Agosti 1831 Turner akafunga safari hadi Abbotsford, nyumbani kwa Scott, akatembezwa magofu na mito iliyotajwa katika beti, akijaza daftari. Scott alifariki mwaka uliofuata, kabla toleo hilo lenye juzuu 12 na picha 24 halijatoka.

Huko Scotland angalau Turner alikanyaga ardhi aliyoichora. Kwa Biblia hakukanyaga. Ndugu wawili, William na Edward Finden, waliokuwa na karakana kubwa ya wachongaji London, walianza miaka hiyohiyo ya 1830 kutoa kwa mafungu mkusanyiko wa mandhari za Biblia, uliochapishwa na John Murray na kukamilika mwaka 1836 kwa juzuu mbili, maelezo yakiandikwa na kasisi Thomas Hartwell Horne. Turner alichora 26: Yerusalemu kutoka Mlima wa Mizeituni, birika la Bethesda, Nazareti, Yafa, Sinai, Ninawi, Babeli. Mtu huyu katika maisha yake yote hakuwahi kutoka nje ya bara la Ulaya.

Alitegemea madaftari ya wasafiri. Babeli aliipata kwa Robert Ker Porter, aliyekuwa amezunguka Uajemi na Mesopotamia. Nyingi nyingine alizipata kwa Charles Barry, msanifu majengo aliyepita Misri, Palestina na Syria mwaka 1818 na 1819 akigharimiwa na tajiri mmoja, David Baillie, ili amchoree waliyoyaona. Barry alileta mawe: ukuta uko wapi, mnara una urefu gani, bonde linaanguka upande upi. Turner akaongeza hali ya hewa. Akaweka mawingu yanayojikusanya juu ya mji, mwanga unaopenya pembeni, vumbi, na watu na mifugo kwenye njia. Kisha mafundi wa Finden wakageuza yote hayo kuwa mistari. Na hata hapo majina hayakutosha, kwani mabamba mengi yaliyotiwa saini ya Finden yalichongwa kwa sehemu kubwa na vijana wa karakanani ambao hawakutajwa popote.

Kwa hiyo familia ya Kiingereza iliyofungua juzuu ile Jumapili jioni iliiona Yerusalemu iliyopita katika mikono minne, na ni mmoja tu kati ya hiyo uliokuwa umeiona kwa macho. Je, ni udanganyifu? Nadhani la. Wanunuzi waliambiwa wazi, kwenye kila karatasi, nani aliyetoa mchoro wa safari na nani aliyetoa picha. Wengi wetu tuliokulia kwenye vipindi vya dini vya Jumapili tulijengewa Galilaya yetu na picha zilizochorwa na watu ambao hawakuwahi kufika huko, na hatukuambiwa lolote.

Kati ya Barry na Turner kulikuwa na jambo jingine likiwasubiri. Oktoba 16, 1834, kazi ya mabamba ya Biblia ikiendelea, jengo la Bunge la Uingereza huko Westminster liliwaka moto usiku. Turner alikuwapo kando ya mto akitazama, na mwaka uliofuata akaonyesha picha mbili za mafuta za moto ule. Barry naye aliuona mwanga wake akiwa kwenye gari la farasi akirudi London kutoka Brighton. Mwaka 1836 Barry akashinda shindano la kusanifu Bunge jipya, lile ambalo ulimwengu unalijua leo.

Si kila alichogusa Turner kilifanikiwa. Mwaka 1835 mchapishaji John Macrone alitoa mashairi ya Milton yakiwa na picha saba za Turner, zikiwamo kuanguka kwa malaika waasi na Adamu na Hawa wakifukuzwa bustanini. Goodall alichonga kadhaa kwa ustadi wake wote, na ustadi huo haukutosha. Turner alijua anga, maji na mawe. Viungo vya mwili vilimshinda. Malaika wake wanafanana na minyoo iliyomwagwa kwenye mwanga. Mwanga wenyewe ni wa ajabu, na ndio pekee unaoziokoa. Mchonga mabamba anaweza kuokoa wingu lililochorwa kwa haraka. Goti lililochorwa vibaya analichonga vibaya.

Soko nalo likachoka. Vitabu vya picha vilizidi, bei zikaporomoka, na ndugu wa Finden wakafilisika baadaye kwa mradi mwingine wa kifahari. Mradi mkubwa wa mchongaji Charles Heath wa mandhari za Uingereza na Wales ulikufa mwaka 1838 baada ya picha 96 za Turner. Hapo Turner, yule mgumu wa gini mbili, alifanya jambo lisilotarajiwa: mwaka 1839 alilipa pauni 3,000 akanunua akiba yote pamoja na mabamba, yasije yakaangukia mikononi mwa mtu atakayeyachapa mpaka yafe. Akayafungia nyumbani kwake Queen Anne Street. Alifariki Desemba 1851, na lundo la karatasi alizohodhi lilipigwa mnada London mwaka 1873 na 1874.

Wachongaji wenyewe walikuwa bado wakisubiri haki yao. Tangu miaka ya mwanzo ya Royal Academy, iliyoanzishwa mwaka 1768, walikubaliwa humo kama washiriki wa daraja la chini tu, kwa hoja kwamba wanachofanya ni kunakili. Pye alipambana na hoja hiyo kwa miaka. Mchongaji wa kwanza kupewa uanachama kamili alikuwa Samuel Cousins, mwaka 1855.

Leo michoro ya *Italy* iko Tate Britain, London, na ile ya mashairi ya Campbell iko katika jumba la sanaa la Edinburgh. Jumba hilo lina pia rangi za maji za Turner zilizoachwa kwa wasia na Henry Vaughan mwaka 1900, kwa sharti kwamba zionyeshwe Januari tu, mwezi wenye mwanga hafifu, kwa sababu rangi za maji hupauka. Vitabu vya Rogers vilichapwa vingi kiasi kwamba bado vinapatikana katika maduka ya vitabu vikuukuu kwa bei ambayo mfanyakazi anaweza kuilipa, na wino wake uko vilevile. Chini ya picha za aina hii kwa kawaida kuna majina mawili kwa herufi ndogo sana: la mchoraji kushoto, la mchongaji kulia.